Uasin Gishu ni ya nani? Waulize waliozikwa

Wasee, juzi kwenye matatu ya kutoka Eldoret kwenda Moiben, mzee mmoja alitutangazia kwamba hapa ni kwao tangu Mungu aumbe dunia, hao wengine ni wageni tu. Mimi ni Mkalenjin, so kwa hesabu yake nilikuwa upande wa wenyeji. Nilinyamaza, nikaangalia nje. Lakini maneno kama "wageni" na "madoadoa" tunajua yalitufikisha wapi hapa mwanzoni mwa 2008.

Anza na jina la kaunti. Uasin Gishu ni jina la kundi la Wamaasai waliolisha ng'ombe kwenye nyanda hizi hadi vita vya karne ya 19 vikawatawanya. Na kabla yao? Yale mashimo ya Sirikwa unayoyaona kwa mashamba yalikuwa mazizi ya watu walioishi hapa mamia ya miaka iliyopita. Makaburu nao walikuja 1908 na magari ya kukokotwa na ng'ombe, mji ukaanzia shamba nambari 64. Ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo.

Sasa hapa ndipo stori inanoga. 2019, jarida la Science lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 41 wa kale waliozikwa Kenya na Tanzania, wengine wao Hyrax Hill, hapo Nakuru. Wafugaji wa kwanza wa Bonde la Ufa, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, hawakuwa damu moja. Asili yao ina sehemu tatu: moja inafanana na watu wa kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati, ya pili na Wadinka wa Sudan Kusini, ya tatu ni ya wawindaji waliokuwa hapa tayari. Baadaye, enzi ya chuma, ikaingia damu zaidi ya upande wa Sudan, huko ambako sisi Waniloti tunasema tulitoka. Na Deloraine, karibu na Rongai, alizikwa mtu mwenye asili inayofanana na ya Wabantu wa leo. Alizikwa miaka elfu moja hivi iliyopita. Soma tena hiyo.

Hata Wazungu ni hivyo hivyo: wawindaji, wakulima kutoka Uturuki ya leo, halafu wafugaji wa nyika za Ukraine na Urusi.

Kweli, DNA haikuambii mtu aliongea lugha gani, na mfupa wa Deloraine haumpi mtu yeyote ekari hata moja. Hati ya shamba ni mambo ya sheria. Ila stori ya yule mzee imekufa.

Jioni nilimuuliza kogo Wasirikwa walienda wapi. Akasema walihamia kusini, ndivyo alivyosimuliwa.

"Wote?"

Akacheka. "Si wasichana wao waliolewa hapa."