Nusu Karne ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi: Historia Fupi kwa Wasomaji wa Misungwi

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, yaani vyuo vinavyowapokea vijana na watu wazima waliohitimu elimu ya msingi au kisomo, vilianza rasmi mwaka 1975, ingawa katika Kanda ya Ziwa ardhi yake ilikuwa imekwisha kulimwa mapema. Mwanza ndiyo iliyokuwa kitovu cha mradi wa majaribio ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO kati ya 1968 na 1972, wa kisomo chenye manufaa, maana yake kusoma na kuandika kunakofundishwa kupitia kazi ya mwanakisomo mwenyewe; ndiyo sababu mkulima wa Usukuma alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, naye mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Misungwi, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Kwimba, ilikuwa jirani ya karibu wa jaribio hilo lililotazamwa na dunia nzima, na heshima hiyo haisemwi vya kutosha.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni zilizofuata zilikuwa na matokeo ambayo kizazi kile kinayakumbuka kwa fahari: watu wazima wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa takriban theluthi mbili, mwaka 1975 walikadiriwa kuwa asilimia 39. Swali likawa ni wapi pa kuwapeleka waliokwisha kufuzu. Jibu lilitafutwa Skandinavia, katika vyuo vya umma vilivyobuniwa kwa fikra za N. F. S. Grundtvig wa Denmark, ambako cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Sweden ikakubali kugharimia mpango wa Tanzania. Hata hivyo, haikunakiliwa kila kitu. Vituo vya zamani vya mafunzo vijijini viligeuzwa kuwa vyuo, na wanafunzi wakachaguliwa na vijiji vyao wenyewe, kwa matarajio kwamba wangerudi kuvitumikia.

Utaratibu huo wa kuchaguliwa na kijiji ndio uliokuwa msingi wa ufundishaji wote, kwa kuwa mkufunzi hakukabidhiwa mtoto wa kufundwa bali mtu mzima mwenye shamba, familia na maoni yake, ambaye alijifunza uashi, useremala, ushonaji au kilimo pamoja na siasa na uongozi wa kijiji, bila mtihani wa mwisho wala cheti. Baadhi ya waliokuja baadaye wameuona ukosefu wa cheti kuwa udhaifu. Ni kweli kwamba ulimwumiza aliyetafuta ajira mjini, lakini ulimpa mkufunzi uhuru wa kuanzia pale alipokuwa mwanafunzi wake.

Miaka ya 1980 haikuwa myepesi kwa taasisi yoyote ya umma, na vyuo hivi navyo vilijifunza kuishi kwa kidogo. Mwaka 1990 vilihamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na mwaka 2016 vikarejeshwa wizara ya elimu. Katikati ya hapo mafunzo ya ufundi stadi yanayotambuliwa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 1994, yalichukua nafasi kubwa zaidi. Ukarabati ulifuata, na vyuo 54 vya umma vinaendelea kufundisha, kikiwemo cha Sengerema, ambacho mkazi wa Misungwi alizoea kukifikia kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, na ambacho tangu Juni 2025 anakifikia kwa daraja. Kwa ushirikiano na Karibu Tanzania Organization, vyuo pia vimefungua milango kwa wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito, kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, na vimeweka huduma ya malezi ya watoto ili mama asome mwanawe akiwa karibu.

Misungwi yenyewe ina Chuo cha Maendeleo ya Jamii Ufundi, ambacho ni taasisi nyingine yenye historia yake.