Mtoto Wangu Yuko Wapi?



Tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa anawakumbuka marehemu wote. Makaburini tumewasha mishumaa, tumenyunyiza maji ya baraka, tumewataja wapenzi wetu kwa majina. Lakini karibu kila parokia ina makaburi mafupi, mengine hayana hata msalaba, ambayo hakuna anayesimama mbele yake na kutaja jina. Ni makaburi ya watoto. Kwa ajili yao, na hasa kwa ajili ya wazazi wao, twapenda kuzungumza nanyi Jumapili ya leo.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado padre kijana, mama mmoja alitujia baada ya Misa, akasimama kando mpaka watu wote walipokwisha kuondoka. Kisha akauliza neno moja tu: “Padre, mtoto wangu yuko wapi?” Alikuwa amejifungua, na mtoto akafariki usiku ule ule kabla ya kubatizwa. Wanawake wa ukoo walimzika alfajiri, nyuma ya nyumba. Mama akaambiwa asilie, asije akafunga uzazi wake. Hapakuwa na matanga wala sala. Nasi, tuliotoka seminari kuu na madaftari yetu, tulimweleza habari za dhambi ya asili na ulazima wa Ubatizo. Tuliyoyasema hayakuwa uongo, lakini hayakuwa jibu. Mama akaitikia, “Asante, Padre,” akaenda zake. Muda mrefu ulipita hatukumwona kanisani.

Swali lake halikutuacha. Lilitupeleka kusoma upya historia ya Kanisa, ili tujue wale waliotutangulia katika imani waliwaliliaje watoto wao. Tuliyoyaona huko ndiyo tunayotaka kuwashirikisha.

Tuanze na Mwafrika mwenzetu, Mt. Augustino wa Thagaste, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Kabla ya kuongoka alikuwa amepata mtoto wa kiume, akamwita Adeodatus, maana yake “aliyetolewa na Mungu”. Baba na mwana walibatizwa usiku mmoja, Pasaka ya mwaka 387, mjini Milano, kwa mikono ya Mt. Ambrosi. Mwaka huo huo Mt. Monika, bibi yake kijana huyo, alifariki huko Ostia walipokuwa njiani kurudi Afrika. Augustino anasimulia katika kitabu chake cha Maungamo kwamba bibi alipokata roho kijana aliangua kilio, na watu wazima wakamnyamazisha. Augustino mwenyewe alijikaza, akidhani machozi hayamfai mtu mwenye imani. Baada ya mazishi akashindwa, akalia mbele ya Mungu, na hakuona haya kuyaandika hayo ili wote wayasome. Ndipo tunapoona kwamba kijana alimtangulia baba yake msomi katika kuyaelewa machozi.

Haikupita miaka mingi, Adeodatus naye akafariki, akiwa na umri wa miaka kama 16 au 17. Baba yake anamtaja kwa maneno machache sana, kama afanyavyo mtu ambaye kidonda chake hakijapona. Anasema kwamba anamkumbuka bila hofu, kwa kuwa Ubatizo ulikuwa umeifuta dhambi. Tena alitunga kitabu kiitwacho Juu ya Mwalimu, ambamo baba na mwana wanazungumza, akashuhudia kwamba mawazo yaliyotajwa humo kuwa ya kijana yalikuwa ya kijana mwenyewe. Hivyo sauti ya mtoto yule ingali ikisikika baada ya miaka zaidi ya 1600.

Hata hivyo, ndugu zangu, yatupasa kusema ukweli wote. Augustino huyo huyo, aliposhindana na wafuasi wa Pelagius waliokana dhambi ya asili, alifundisha kwamba watoto wachanga wafao bila Ubatizo hupata adhabu, ijapokuwa ndogo kuliko zote. Fundisho hilo liliwaelemea watu. Wanataalimungu wa Zama za Kati walijaribu kulilainisha kwa kusema juu ya limbo, mahali pasipo mateso, lakini pasipo pia kumwona Mungu uso kwa uso. Kanisa halikulitangaza wazo hilo kamwe kuwa fundisho la imani. Lakini vijijini lilipokelewa kama sheria. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwakatalia mazishi ya Kanisa watu waliokufa bila Ubatizo, isipokuwa wakatekumeni. Basi mama akafiwa mara mbili: mara ya kwanza na mtoto, na mara ya pili na tumaini la kumwona tena.

Katika miaka hiyo ya ukali, iliishi Ufaransa, katika mji wa Alençon, familia moja ya Kikristo. Louis Martin alikuwa fundi wa saa, na mkewe Zélie Guérin alikuwa mfumaji wa lesi. Walifunga ndoa mwaka 1858, wakajaliwa watoto tisa. Walitamani sana kumpata mtoto wa kiume awe padre na mmisionari. Mwaka 1866 akazaliwa Joseph. Mwaka uliofuata, mwezi Februari, akafariki. Mwisho wa mwaka huo akazaliwa mwingine, akapewa jina hilo hilo la Joseph; Agosti 1868 naye akafariki. Februari 1870 akafariki Hélène, binti wa miaka mitano. Oktoba ya mwaka huo huo akafariki Mélanie-Thérèse, mwenye umri wa wiki saba tu, baada ya mwanamke aliyelipwa kumnyonyesha kumwacha na njaa. Majeneza manne madogo yalitoka katika nyumba moja kwa muda usiozidi miaka minne.

Zélie aliandika barua nyingi, nazo zimehifadhiwa. Humo hajifanyi shujaa. Anasema wazi kwamba alipowafumba macho watoto wake na kuwazika alipata uchungu mkubwa. Lakini mwaka 1871, wifi yake alipofiwa na kitoto chake kichanga, Zélie alimwandikia kumfariji. Alimweleza kwamba watu walikuwa wakimwambia yeye Zélie ingekuwa heri asingaliwazaa watoto wale, naye hakuweza kuyavumilia maneno hayo. Taabu na mahangaiko ya malezi hayawezi kulinganishwa na uzima wa milele wa watoto hao, ambao hawakupotea. Maisha ni mafupi, na wazazi watawakuta huko juu. Tena hakuwafikiria marehemu wake kama watu waliokwisha. Wiki chache baada ya Joseph wa kwanza kuzikwa, Hélène aliugua sikio, na mama akamwagiza amwombe kaka yake mdogo aliye mbinguni. Asubuhi yake sikio lilikuwa limepona.

Mwaka 1873 akazaliwa mtoto wa tisa, binti, ambaye ulimwengu wote unamfahamu leo kwa jina la Mt. Teresia wa Mtoto Yesu. Teresia alifiwa na mama yake mwaka 1877, akiwa na umri wa miaka minne. Alipokuwa na miaka 13 aliteswa na wasiwasi mkubwa wa dhamiri, na dada yake Marie, aliyekuwa akimshauri, alikuwa ameingia utawani Karmeli. Akiwa hana wa kumkimbilia, aliwageukia ndugu zake wanne ambao hakupata kuwaona kwa macho. Aliwaambia kwamba yeye ni mdogo wao wa mwisho, na kwamba wangalikuwa hai wangalimhurumia. Amani ikamjia. Watoto waliozikwa kabla hajazaliwa walikuwa kwake ndugu hai.

Mwaka 1927, Papa Pio XI alimtangaza Teresia, ambaye hakutoka monasterini mwake kwenda utume wowote, kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mt. Fransisko Ksaveri. Ombi la wazazi kupata mmisionari lilijibiwa, bali kwa njia wasiyoifikiri. Hapa tujihadhari. Hatusemi kwamba Mungu aliwachukua wale wavulana ili ampate Teresia. Mungu hafanyi biashara ya watoto. Tunasema tu kwamba kifo hakikuweza kuwatenga watoto wale na familia yao, wala kuyazuia mapendo ya Mungu kuzaa matunda. Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke kwa pamoja.

Na vipi juu ya mtoto aliyekufa kabla ya Ubatizo? Kanisa, likimsikiliza Roho Mtakatifu na vilio vya wazazi, limezidi kuifahamu huruma ya Bwana wake. Ibada ya mazishi iliyotolewa Roma mwaka 1969 ina sala kwa ajili ya mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1183, inamwezesha askofu wa mahali kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1261, inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, ikikumbuka jinsi Yesu alivyowapenda watoto. Na mwaka 2007, Tume ya Taalimungu ya Kimataifa, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilitoa hati inayoeleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa na kuingizwa katika heri ya milele. Hati haisemi “tunajua”; inasema “tunatumaini”. Lakini tumaini la Kikristo si kubahatisha. Limejengwa juu ya Yeye aliyelia mbele ya kaburi la Lazaro, na aliyelisimamisha jeneza pale Naini ili amrudishe kijana kwa mama yake. Tena, tangu zamani Kanisa huwaheshimu, tarehe 28 Desemba, Watoto Mashahidi wa Bethlehemu, ambao hawakupata kuguswa na maji ya Ubatizo.

Hayo hayapunguzi hata kidogo wajibu wetu wa kuwabatiza watoto mapema. Enyi makatekista, endeleeni kuwafundisha waamini kwamba katika hatari ya kifo mtu yeyote mwenye nia njema aweza kubatiza. Lakini mnapoingia katika nyumba iliyofiwa na mtoto, msianze na fundisho. Kaeni chini na wazazi. Msiseme, “Mtapata mwingine,” kwa maana mtoto si sahani iliyovunjika. Msimkataze mama kulia. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika, aliwataka tu wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Msimsahau baba, ambaye mila zetu humtaka akae kimya kama jiwe. Ulizeni jina la mtoto. Kama hakupewa jina, wazazi wampe sasa, na jina hilo litajwe katika sala za nyumbani na katika Misa za Novemba.

Nasi tunalo deni letu. Mama uliyetujia siku ile baada ya Misa, kama unatusikiliza mahali popote ulipo, twakuomba radhi. Uliuliza mtoto wako yuko wapi, nasi tukakupa somo. Leo tunakujibu, tukiwa tumechelewa sana: yumo mikononi mwa Yule aliyempenda kabla wewe hujamwona, na Kanisa lako linatumaini pamoja nawe kwamba utamkumbatia. Nenda kwenye kaburi lake nyuma ya nyumba. Usimamishe msalaba. Umwite kwa jina, na ukitaka kulia, ulie.

Bwana awajalie marehemu wetu, wakubwa kwa wadogo, pumziko la milele, na mwanga wa milele uwaangazie. Amina.