Beji Inaweza Kudanganya, Soma Kibati

Wasee, leo naanza na kukiri makosa. Mwaka jana nilikaribia kumpotezea binamu yangu akiba ya miaka minne kwa jibu la neno moja: "Nunua."

Binamu yangu anaendesha malori huko Texas. Tangu tukiwa watoto tukikata picha za magari kwenye magazeti ya zamani, ndoto yake ilikuwa kumiliki Chevrolet Camaro ya mwaka 1969. Akapata moja inauzwa. Rangi ya machungwa, mistari miwili mieupe kwenye boneti, na mbele kwa grili kuna beji ya Z/28. Akanitumia picha saba na ujumbe wa sauti: "Msee, wewe ndiye unajua hii mambo. Hii ni yenyewe?" Nikacheki picha nikiwa kwa matatu, nikaona beji, nikamjibu.

Bahati yake, kazini kwao kuna fundi mzee ambaye ameshika spana tangu enzi za magari hayo. Mzee aliangalia picha zile zile akauliza swali moja tu: kibati kimeandikwa nini?

Mimi hata sikujua kuna kibati.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma misimbo ya viwanda vya magari vya Marekani, na nimegundua kitu. Sisi tunaopenda magari ya kale tunaongea sana kuhusu nguvu, spidi na sauti ya injini. Lakini historia yenyewe iko kwa herufi na namba ambazo makarani na wafanyakazi waliandikiana, bila kufikiria kwamba mimi na wewe tutakuja kuzisoma.

Tuanze na Z28. Wengi tunadhani ni jina kali lililobuniwa na watu wa matangazo. Hapana. Ni namba ya foleni tu. Miaka ya 60, Mmarekani angeweza kuagiza gari vile wewe unaagiza chakula kwa kibanda: chapati mbili, maharagwe, usiweke pilipili. Kila kitu cha ziada kilikuwa na msimbo wake. General Motors waliita misimbo hiyo RPO, yaani nyongeza za kawaida za uzalishaji. Kwa Camaro ya 1969, Z21 ilikuwa mapambo ya nje, Z22 ilikuwa Rally Sport, Z23 mapambo ya ndani, Z27 Super Sport. Halafu Z28. Hivyo tu.

Nyuma ya namba hiyo kulikuwa na mbio za Trans-Am. Sheria za mbio hizo ziliweka kikomo cha injini kuwa lita 5, sawa na inchi za ujazo 305. Chevrolet walikuwa na injini ya 327, kubwa mno, na ya 283, ndogo mno. Mhandisi wao Vince Piggins alisukuma wazo la gari la kuingia mbio hizo, na suluhisho likawa kuchukua bloku ya 327 na kuitia krankshafti ya 283. Ukipiga hesabu unapata 302. Poa kabisa, ndani ya sheria. Mwaka wa kwanza, 1967, walitengeneza Z28 602 pekee.

Na sasa sikia hii: Z28 za mwaka huo wa kwanza hazikuwa na beji ya Z28 popote. Kumaanisha gari ya ukweli kabisa haikuandikwa kitu, halafu leo mtu yeyote anaweza kuagiza beji mtandaoni na kuibandika kwa Camaro yoyote. Mimi nilisoma beji. Aibu yangu.

Kwa hivyo ungesoma nini? Kwanza, namba ya gari. Ya Camaro ya binamu ilianza na 124379N. Hiyo 1 ni Chevrolet. 24 ni Camaro yenye V8. 37 ni kupe, yaani si ile ya paa la kukunja. 9 ni mwaka 1969. N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Kama ingekuwa L, ingekuwa Van Nuys, California. Ona kile kinakosekana. Inakuambia ni V8, lakini haikuambii ni V8 gani. General Motors walianza kuweka msimbo wa injini kwenye namba ya gari mwaka 1972. Muuzaji akikuambia "namba ya gari inathibitisha ni Z28" kwa Camaro ya 1969, ama hajui ama anakuchezea.

Pili, kibati chenyewe. Kiko ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, kimeshikwa na ribiti mbili. Kina tarehe, kiwanda, rangi na viti. Na kuanzia Desemba 1968, kiwanda cha Norwood kiliongeza msimbo unaoanza na X. X33 ni Z28 yenye mapambo ya nje. X77 ni Z28 bila mapambo hayo. Kibati cha gari ya binamu kilisema 04, yaani Aprili. Kilisema 72, yaani rangi ya machungwa waliyoiita Hugger Orange. Halafu kikasema X11: ina mapambo ya nje, lakini haikuondoka kiwandani kama Z28 wala Super Sport.

Rangi ilikuwa ya ukweli. Beji ilikuwa uongo.

Ningeweza kukomea hapo nikajiita mtaalamu. Lakini kuna stori nyingine, na hii ndiyo ilinifanya nipende hii mambo kabisa.

General Motors walikuwa na sheria ya ndani: gari za ukubwa wa Camaro zisiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 400. Wakubwa walikuwa wamesema, na wakubwa wakisema wamesema. Lakini kampuni hiyo hiyo ilikuwa na njia nyingine ya kuagiza, iliyoitwa COPO, maagizo ya ofisi kuu. Njia hiyo ilikuwa ya wateja wa magari mengi kama polisi na kampuni za teksi, watu wanaotaka rangi yao maalum au vifaa vya kazi. Makaratasi ya kuchosha. Nani angeyachungulia?

Wauzaji wachache waliyachungulia. Don Yenko, muuzaji wa Chevrolet huko Canonsburg, Pennsylvania, alitumia mlango huo huo wa teksi kuagiza Camaro zenye injini ya 427. Msimbo wake ulikuwa 9561. Fred Gibb, wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, akaagiza 50 zenye 427 ya aluminiamu, ile ZL1. Msimbo 9560. Jumla zilitengenezwa 69 tu. Bei yake ilipita dola 7,000 wakati Camaro ya kawaida ya V8 ilikuwa chini ya dola 3,000. Gibb hakuweza kuziuza zote, nyingi zikarudishwa na kugawiwa wauzaji wengine. Leo watu wanazitafuta kama dhahabu.

Na hapa kuna utamu: Camaro hizo za COPO kutoka Norwood, kwa kibati, nyingine ziliandikwa X11. Ndio, X11 ile ile ya gari ya binamu! Binamu aliposikia hivyo alinipigia saa tisa usiku, saa zangu, akipumua kama amekimbia. Nikamwambia atulie, turudi kwa injini. Injini ilikuwa ya 350, na namba iliyogongwa kwenye bloku haikulingana na ya gari. Mtu fulani, siku fulani, aliibadilisha. Ndoto ikafa mara ya pili kwa wiki moja.

Hapo ndipo nilielewa kwamba shahidi mmoja hatoshi. Kibati peke yake hakitoshi kwa sababu vibati bandia vinatengenezwa, na ribiti zinang'olewa. Injini peke yake haitoshi kwa sababu injini huhama. Z28 ya 1969 inafaa kuwa na herufi DZ kwenye bloku, lakini herufi pia zinaweza kusagwa na kugongwa upya. Unachotafuta ni mashahidi kadhaa ambao hawakupanga pamoja, halafu uone kama hadithi zao zinakubaliana. Tarehe ya kumwagwa kwa chuma cha bloku lazima iwe kabla ya tarehe ya gari. Injini iliyozaliwa Juni haiwezi kuwa ilipanda gari ya Aprili. Hapo huhitaji kuwa fundi, unahitaji tu kalenda.

Kampuni zingine zilikuwa na tabia zao. Ford waliweka injini ndani ya namba ya gari mapema. Mustang yenye namba 5F08F100001 inasomeka hivi: modeli ya 1965, kiwanda cha Dearborn, paa la kukunja, V8 ya 260, na 100001 ni ya kwanza kabisa kwa hesabu. Mwaka 1964 iliuzwa huko Newfoundland, Kanada, kabla ya wakati wake, kwa rubani aitwaye Stanley Tucker. Ford walipogundua waliitaka irudi, na mwishowe Tucker akakubali kubadilishana na Mustang mpya. Leo iko kwenye makumbusho ya Henry Ford.

Chrysler nao waliweka kibati juu ya madigadi kwa ndani ya boneti. FC7 ni zambarau. Ukinunua Dodge waliita Plum Crazy, ukinunua Plymouth waliita In-Violet. Ndoo ya rangi ni ile ile, majina mawili ya kuuzia. Msimbo haujui matangazo. E74 ni injini ya Hemi ya 426, ambayo kwenye namba ya gari inaonekana kama herufi R. Plymouth Hemi 'Cuda za paa la kukunja za 1971 zilitengenezwa 11 tu, na moja iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Herufi moja tu, lakini ona bei.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi wa Chrysler ni karatasi ya oda iliyofuata gari kwenye laini ya kuunganisha. Wafanyakazi walisoma waweke nini, wakimaliza mara nyingi waliiacha ndani ya gari, ikabanwa kwa springi za kiti. Takataka. Miaka 50 baadaye watu wanapasua viti vilivyooza wakiitafuta karatasi hiyo, imekunjwa, imeliwa na panya, bado inasomeka.

Fikiria hilo. Matangazo ya kurasa mbili yenye mrembo na machweo hayawezi kuthibitisha chochote. Karatasi ambayo mfanyakazi aliyechoka aliitupa chini ya kiti ndiyo inaaminika, kwa sababu hakuiandika ili kumpendeza mtu. Alitaka tu kujua aweke viti vya rangi gani.

Ndiyo maana nasema tumefundishwa historia kwa upande wa beji: sanamu, hotuba, majina ya barabara. Upande wa kibati tunauita makaratasi. Risiti, daftari la duka, kadi ya kliniki, barua ya kazi ya babu. Tunahama nyumba tunazichoma. Halafu miaka ikipita, mtu anatokea na beji yake na hadithi tamu, na hatuna cha kumuuliza.

Kama hauko karibu na Camaro, na najua hauko, fungua boneti ya Toyota ya mzazi wako, ukimwomba ruhusa kwanza. Ukiona kibati chenye modeli, injini, rangi na kiwanda, tafuta maana yake. Ukikuta rangi iliyoandikwa si rangi unayoiona, uko na swali la kuuliza.

Kuhusu binamu: alimpigia muuzaji akamweleza yote. Muuzaji akasema yeye pia aliinunua kama Z28, na hatashusha bei. Inawezekana kabisa hakuwa anadanganya. Inawezekana alifanya kama mimi, akasoma beji. Wakaachana kwa amani.

Pesa za binamu bado ziko benki na bado anatafuta. Wiki iliyopita amenitumia Camaro nyingine. Safari hii picha ya kwanza ilikuwa ya kibati, na mimi sikujibu nikiwa kwa matatu.