Milango ya Zanzibar na Wanaoisoma

Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliisifu Kilwa kwa nyumba zake za mawe na milango ya mbao iliyonakshiwa kwa ustadi. Waoman walikuwa bado hawajaitawala pwani ya Waswahili. Hata hivyo, mgeni wa Mji Mkongwe wa Zanzibar leo huambiwa kwamba mlango huu ni wa Kiarabu na ule wa Kihindi, kana kwamba fundi Mswahili hakuwapo.

Milango mingi tunayoiona ni ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Enzi za Sultan Barghash (1870–1888), upinde wa mtindo wa Gujarati ulishika kasi pembeni mwa milango ya mstatili. Mitindo ikachanganyika.

Tazama njumu, ile misumari mikubwa ya shaba. Huko India, malango ya ngome yalipigiliwa miiba ya chuma ili tembo wa vita wasiyavunje. Lango kuu la Shaniwar Wada mjini Pune bado linayo. Unguja haikuwahi kuvamiwa na tembo. Njumu zake ni butu, husuguliwa zikang'aa, na kazi yake ilikuwa kutangaza utajiri wa mwenye nyumba. Silaha imekuwa pambo, lakini watalii wangali wanasimuliwa habari za tembo.

Kosa zito zaidi ni la mnyororo unaochongwa kwenye miimo. Wapo wanaoapa kuwa mwenye nyumba aliuza watumwa. Wengine wanasema ni kinga ya nyumba. Biashara ya watumwa ilikuwapo kweli: soko lake la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip alikuwa na nyumba Mji Mkongwe. Lakini ushahidi wake umo kwenye hati na mashamba ya karafuu. Ukimhukumu mtu kwa nakshi, unaweza kumsingizia asiye na hatia na kumwachia aliyekuwa na mlango mtupu.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na familia nyingine zikahamia. Mwaka 2000 UNESCO ikautambua Mji Mkongwe kuwa Urithi wa Dunia. Mlango uliokuwa fahari ya tajiri mmoja ukawa nembo ya kisiwa kizima, na nakala zake sasa zinapamba hoteli.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nakshi ina maana gani, uliza kwanza nani aliichonga, lini, na kwa fedha za nani.