Karanga za Urambo na Kiti cha Spika

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika miaka ya 1850 ulianza kuhesabu hasara ulipoingia Ugogo. Kila mtemi alidai hongo yake kabla wapagazi hawajaruhusiwa kuteka maji. Marobota ya merikani na kaniki yalifunguliwa, nguo ikapimwa kwa mkono, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne shuka, mikono minane doti. Wajumbe wa mtemi waliipokea, wakaikagua, wakasema haitoshi. Ziliongezwa shanga, zikaongezwa nyaya za shaba. Siku zilipita hivyo, na mamia ya watu wakiwa kambini wanakula akiba ya safari.

Hongo wakati ule ilikuwa kodi ya njia, nayo ilitozwa mchana kweupe. Mwenye nchi alilipwa kwa maji, kwa chakula na kwa amani ya kupita, na aliyelipa aliziona doti zake zikihesabiwa. Leo neno hilohilo maana yake ni rushwa, kitu kinachotolewa gizani. Na sehemu kubwa ya Ugogo ile ndiyo Dodoma ya sasa, ambako wabunge wa Tanzania hukutana kila Aprili kuanza mkutano wa bajeti.

Januari 1861 wapelelezi John Hanning Speke na James Grant walifika Kazeh ya Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, wakiwa wamepungukiwa nguo kwa sababu ya hongo, na wapagazi wengi wakiwa wamewatoroka. Mwaka huohuo, London, Bunge la Uingereza liliunda Kamati ya Hesabu za Serikali. Kazi yake ilikuwa kuuliza kama fedha zilizoidhinishwa na wabunge zilitumika kwa jambo lililokusudiwa. Haikupita hata miaka 100 kabla ya maswali ya namna hiyo kuifikia misitu ya miombo iliyo magharibi ya Tabora.

Huko ni Urambo, nchi iliyobeba jina la mtemi Mirambo, aliyepigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871 na kuibana njia ya Ujiji kwa miaka. Alifariki Desemba 1884. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma miaka miwili baadaye, kazi ya wapagazi ilififia, na Urambo ikabaki kituo kidogo kando ya reli hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Uingereza ilitoka vitani bila mafuta ya kutosha ya kupikia. Mwaka 1946 serikali yake ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amesimamia kilimo Tanganyika, na baada ya wiki tisa tu za uchunguzi ukatoka mpango ambao ukubwa wake bado unashangaza: ekari 3,210,000 za karanga, katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati ya hayo yakiwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 24. Maeneo yaliyochaguliwa Tanganyika yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, mawili ya kwanza yakiwa katika ukanda wa njia ya zamani ya misafara.

Kilichofuata kimesimuliwa sana: trekta zilizotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman, udongo wa Kongwa uliokauka ukawa kama tofali, mvua iliyokataa kunyesha. Kwa anayefuatilia fedha za umma, sehemu yenye uzito zaidi imo vitabuni. Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililopewa mradi huo, lilipowapelekea wakaguzi hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949, wakaguzi walisema hawawezi kuthibitisha kwamba vitabu vilitunzwa ipasavyo. Kwa lugha ya wakaguzi wa Tanzania ya leo, hiyo si hati safi. Novemba mwaka huo wabunge wa upinzani walimbana John Strachey, Waziri wa Chakula. Alikuwa na wingi wa kura na aliponea hapo. Januari 1951 serikali iliuacha mradi na kufuta vitabuni takriban pauni milioni 36, zaidi ya kiasi chote kilichokadiriwa mwanzoni.

Bunge lile lilihoji, na lilihoji kwa ukali, ila miti ilikuwa imeshang'olewa na pauni zimeshakwenda. Ubaya mwingine ulikuwa mkubwa kuliko huo. Mkulima wa Urambo aliyeona ardhi ya mababu ikifyekwa hakuwa na mtu wa kumsemea, si London wala Dar es Salaam. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipata wajumbe wa kwanza Waafrika mwaka 1945, nao waliteuliwa na gavana.

Miaka hiyohiyo, mjini Tabora, mwalimu kijana wa shule ya St. Mary's alifanya kwa muda kazi ya kukagua bei madukani kwa niaba ya serikali. Aliandika ripoti juu ya bei za udanganyifu. Wakubwa hawakuzishughulikia, naye akaiacha kazi. Jina lake Julius Nyerere. Mtu anayetaka kujua unakuwaje ukaguzi usiokuwa na meno angeweza kuanzia kwenye tukio hilo dogo.

Nyerere alirudi Tabora Januari 1958 akiwa rais wa TANU, kwa mkutano uliojadili kama chama kishiriki uchaguzi wa Kura Tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Masharti yalikuwa ya kuudhi, yakiwamo ya elimu au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi waingie, na Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akajitenga akaunda chama chake. Uamuzi wa Tabora ndio uliofungua mlango wa baraza lililopitisha makadirio ya fedha za nchi, na kufikia 1959 mtemi wa Unyanyembe mwenyewe, Chifu Abdallah Fundikira, alikuwa mmoja wa mawaziri.

Kuingia ndani hakukumaanisha kuushika mfuko. Katiba ya Tanzania inaweka mapendekezo ya kodi na matumizi mikononi mwa serikali, na ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Mbunge anayetaka kusema hapana anajua kwamba huenda anakipigia kura kiti chake. Ndiyo maana nguvu halisi ya Bunge imekaa zaidi kwenye kamati, kwenye ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na kwa Spika anayeamua nani asikilizwe.

Mwaka 2005 kiti hicho kilikaliwa na Samuel Sitta, mbunge wa Urambo Mashariki. Mwaka uliofuata ukame ulikausha mabwawa, umeme ukawa wa mgawo, na serikali ikaingia mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond wa kuzalisha megawati 100. Mitambo ilichelewa, mkataba ukahamia kwa kampuni ya Dowans, na shirika la umeme, Tanesco, likawa linalipa shilingi milioni 152 kwa siku. Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mmoja wao alikuwa Lucas Selelii, mbunge wa Nzega, mkoa huohuo wa Tabora. Ripoti ilisomwa Februari 6, 2008. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa, aliyetajwa ndani yake, alijiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza, na baraza la mawaziri likavunjika.

Sitta hakuwa mtetezi wa kila mwenye swali. Agosti 2007, yeye akiwa Spika, Bunge lilimsimamisha Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini kwa hoja yake juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Zitto alirudi, na Novemba 2014 alisimama akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali kusoma ripoti ya akaunti ya Escrow. Sitta alifariki Novemba 2016, akazikwa Urambo.

Kongwa nayo ilitoa Spika, Job Ndugai, aliyechukua kiti mwaka 2015. Ni katika enzi yake, Aprili 2019, Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, kwa kuliita Bunge dhaifu. Lilikuwa pigo kubwa, kwani kamati za hesabu hula kutoka mkononi mwa mkaguzi. Mwishoni mwa 2021 Ndugai mwenyewe alihoji hadharani mwendo wa nchi kukopa, baada ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Aliomba radhi, lakini Januari 6, 2022 alijiuzulu.

Karanga zilishindwa Urambo, ila kwenye mashamba yaliyofyekwa ilijaribiwa tumbaku, nayo ikakubali. Hadi leo inavunwa, inakaushwa, inafungwa marobota na kupimwa, na halmashauri inachukua ushuru wa mazao, ambao Bunge liliupunguza mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Mapato ya halmashauri hukaguliwa kila mwaka. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa ikimwita mkurugenzi, anafika akiwa afisa masuuli, mweka hazina pembeni yake, ripoti ya ukaguzi mezani, na hoja zinasomwa moja baada ya nyingine: kiasi gani kilikusanywa, kiasi gani kilifika benki, risiti ziko wapi.