Thamesmead na nauli ya anayesafiri mara moja moja

Mwanzoni mwa 2014 mama yangu mdogo alikuja kututembelea kutoka Dar. Siku ya tatu akasema anataka kwenda Woolwich peke yake, hataki kushikwa mkono kama mtoto. Akapanda basi, akampa dereva sarafu, akatozwa pauni 2.40. Jioni nikamweleza kuwa angekuwa na kadi ya Oyster angelipa 1.45. Akanitazama. “Mwanangu, kiti si kilekile?”

Sikuwa na jibu. Kwenye daladala konda anakutoza nauli ya njia yako, uwe umepanda jana au hujapanda mwaka mzima. Wanafunzi ndio wanalipa pungufu, na kila mtu anajua kwa nini. Hapa mgeni analipa zaidi kwa sababu tu ni mgeni. Kwenye kipindi tuligusia kidogo, lakini historia yenyewe ni ndefu kuliko tulivyoweza kuisema kati ya chai na vicheko, na sehemu kubwa yake inapita hapa hapa kwetu Thamesmead.

Mji huu ulijengwa na GLC, yaani baraza lililokuwa likiendesha London nzima. Wakazi wa kwanza walihamia 1968. Nyumba za zege, maziwa, njia za kutembea juu juu ili watu wakae mbali na magari. Kitu kimoja hakikuja: treni ya chini ya ardhi. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na mipango ya kuileta huku njia ambayo leo tunaiita Jubilee. Ilipofunguliwa 1979 iliishia Charing Cross, na iliporefushwa 1999 ikakata kwenda Stratford. Sisi tukabaki na mabasi, na stesheni ya Abbey Wood iliyokuwa ya British Rail.

Hapo ndipo penye fundo. GLC ilijenga mji, na nauli za mabasi na treni za chini ya ardhi zilikuwa mkononi mwake. Treni ya Abbey Wood haikuwa yake. Kwa hiyo kila baraza liliporahisisha nauli, urahisi ulifika Thamesmead nusu.

Oktoba 1981 GLC chini ya Ken Livingstone ilipunguza nauli kwa wastani wa asilimia 32, pengo likazibwa na kodi ya majengo. Halmashauri ya Bromley ikaenda mahakamani. Hoja yao: watu wetu wanalipishwa kodi, na treni ya chini ya ardhi haifiki kwetu hata kituo kimoja. Desemba mwaka huohuo majaji wa House of Lords wakasema punguzo ni kinyume cha sheria, na Machi 1982 nauli zikapanda karibu mara mbili. Sasa tuseme ukweli, hoja ya Bromley si ya kijinga. Hata Thamesmead haina kituo hicho! Ila sisi tulikuwa tunategemea basi, na nauli ya basi ilipopanda tuliumia pamoja na wengine wote.

Mei 1983 baraza likarudi na mpango mwingine, uliosimama kisheria: nauli zikapungua kwa asilimia 25, na ikazaliwa Travelcard, tiketi moja ya kanda, unapanda basi na treni ya chini ya ardhi unavyotaka. Mwaka huohuo wa 1983, kule Dar es Salaam, serikali iliruhusu rasmi mabasi ya watu binafsi, kwa kuwa UDA ilikuwa imeelemewa. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa “dala”, na jina likabaki. Miji miwili, matatizo tofauti kabisa, lakini nauli ya konda hata bibi yangu asiyejua kusoma aliielewa.

Travelcard ya 1983 haikufanya kazi kwenye treni ya Abbey Wood. Mpaka Januari 1985, ilipokuja Capitalcard iliyojumuisha British Rail. Mwaka uliofuata GLC yenyewe ikavunjwa.

Kisha hadithi ikajirudia. Oyster ilitoka 2003, lakini kulipa safari moja moja kwa salio la kadi kwenye treni za Abbey Wood kulianza Januari 2010. Aliyekuwa na tiketi ya mwezi hakusumbuka sana. Aliyesumbuka ni yule anayekwenda mjini mara moja kwa mwezi: hospitali, ubalozi, harusi. Huyo alisimama kwenye foleni ya tiketi ya karatasi huku treni ikiondoka.

Mara ya tatu tulikuwa na bahati. Malipo ya kugusisha kadi ya benki yalianza kwenye mabasi Desemba 2012, na Septemba 2014 yakafika kwenye treni, Abbey Wood ikiwemo, siku moja na wengine. Miezi miwili kabla, Julai 2014, mabasi yaliacha kabisa kupokea sarafu. Mama mdogo alikuwa karibu miongoni mwa wa mwisho.

Leo, kwa asiyesafiri kila siku, kadi ya benki ndiyo rahisi. Nauli ya basi iliyowekwa Machi 2023 ilikuwa pauni 1.75, na ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena, mradi utumie kadi ileile. Kwenye basi unagusisha unapopanda tu. Kwenye treni gusisha ukiingia na ukitoka, na usianze na simu ukamalizia na kadi, mashine itawahesabu kama watu wawili. Wageni wetu ndio bado wamebanwa: kadi ya benki ya nyumbani inaweza kukatwa ada ya fedha za kigeni, na kila mtu anahitaji kadi yake. Oyster mpya unainunua, na bei yake hairudishwi. Mimi ninazo mbili kwenye droo ya jikoni kwa ajili ya wageni. Nadhani kila nyumba yetu inazo.

Njia ya Elizabeth ilifika Abbey Wood Mei 2022. Na tangu Septemba 2024 kuna basi la haraka, SL3, linalotoka Thamesmead na kwenda moja kwa moja Bromley, ndiyo, Bromley ile ile ya mahakamani. Mama mdogo alipokuja tena tulipanda wote. Aligusisha kadi kutoka kwenye droo, akauliza kama amelipa sawa na mimi, akakaa dirishani.