Kabureta ya Volkswagen: kitu kidogo kilichotisha kiwanda kikubwa



Wakubwa kati yenu wanaikumbuka vema motokari ndogo yenye mgongo wa mviringo, ambayo injini yake iko nyuma na mizigo huwekwa mbele. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilionekana katika njia nyingi za Kongo. Sauti yake ilitangulia: watoto walisikia mngurumo wake ng'ambo ya mto, wakaanza kukimbia kabla haijaonekana. Jina lake ni Volkswagen, maana yake kwa Kijerumani ni motokari ya watu.

Moja ya namna hiyo ingalipo parokiani kwetu, ya mwaka 1967. Ni mzee, lakini ilikuwa ikitutumikia vizuri. Mwaka jana ikaanza kukohoa, ikazimika katika kila mlima, mwishowe ikakataa kabisa kuwaka. Fundi akatuambia: «Kabureta imechakaa. Tafuteni nyingine.» Tukaitafuta miezi mitatu. Siku zile zote motokari ilisimama chini ya mwembe, kuku wakataga mayai ndani yake, nasi tukaenda vijijini kwa miguu. Usiku mmoja mama aliyeshikwa na uchungu alipelekwa hospitali juu ya baiskeli, kilometa 18. Mungu alimsaidia, akafika salama. Lakini asubuhi, tulipopita chini ya mwembe ule, tuliona haya. Motokari nzima ilikuwa imelala kwa ajili ya chuma kimoja kinachobebwa kwa mkono mmoja.

Katika kutafuta tulisoma na kuulizauliza, kumbe si sisi wa kwanza kupatwa na shida hiyo. Kiwanda chenyewe cha Volkswagen, katika mwanzo wake mgumu, kilikosa kabureta. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia leo, kwa maana ilitufundisha namna ya kutafuta.

Kabureta ni nini?

Injini haiwezi kula esanse ikiwa maji. Yataka esanse iliyopulizwa kama ukungu na kuchanganywa na hewa, kadiri ya kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya esanse. Kazi hiyo ya kuchanganya ni ya kabureta. Hewa hupita katika koo jembamba. Penye wembamba huo mbio zake huzidi na msukumo wake hupungua, basi huivuta esanse itoke katika kitundu kidogo sana, ambacho mafundi wetu hukiita jikleri. Kando ya koo kuna kibakuli cha esanse, na ndani yake kitu kieleacho. Esanse ikijaa, kielea hupanda na kuisukuma sindano ifunge mlango. Ikipungua, hushuka na mlango hufunguka. Nasi tunapokanyaga pedali hatufanyi jambo jingine ila kufungua kifuniko kilichomo ndani ya koo lile.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Carl Benz, Mjerumani aliyepata hati ya motokari yake ya magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, alipitisha hewa juu ya esanse, ikachukua mvuke wake tu. Mke wake, Bertha, ndiye aliyeonyesha watu kwamba motokari yaweza kusafiri kweli. Mwezi wa Agosti 1888 alitoka Mannheim mpaka Pforzheim, zaidi ya kilometa 100, pamoja na wanawe wawili. Esanse aliinunua katika duka la dawa mjini Wiesloch, na mrija wa esanse ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Mama huyo hakungoja fundi!

Mwaka 1893 Wilhelm Maybach huko Ujerumani, na Donát Bánki pamoja na János Csonka huko Hungaria, walitengeneza kabureta yenye kitundu cha kupulizia. Baadaye wakatokea watengenezaji wengi. Kati yao walikuwa Wafaransa wawili, Maurice Goudard na Marcel Mennesson, waliotoa kabureta iitwayo Solex. Jina hilo ndilo lililoandikwa juu ya kabureta ya Volkswagen.

Wolfsburg, mwaka 1945

Jiwe la msingi la kiwanda cha Volkswagen liliwekwa mwezi wa Mei 1938, chini ya serikali ya Hitler. Watu waliahidiwa motokari ya bei nafuu, wakaweka akiba yao, lakini vita vikaja na motokari hawakuipata. Kiwanda kikageuzwa kutengeneza vyombo vya vita. Watu wapatao 20,000, waliotekwa katika nchi mbalimbali, walitumikishwa humo kwa nguvu. Jambo hilo halifai kusahauliwa na mtu anayeipenda motokari hii. Mwaka 1944 ndege zilikipiga kwa mabomu mara kadhaa, paa zikatoboka na mvua ikaingia.

Vita vilipokwisha, eneo lile likawa chini ya Waingereza. Mwezi wa Agosti 1945 wakamtuma mkuu mmoja wa jeshi, Meja Ivan Hirst, aliyekuwa fundi wa mitambo, umri wake miaka 29. Huyu alikuta kiwanda kilichovunjika, watu wenye njaa, na mashine nyingi zilizofichwa zisiharibiwe na mabomu. Motokari moja ilipakwa rangi ya jeshi, ikapelekwa kwa wakubwa wa Waingereza. Wakaipenda, maana walikosa magari, wakaagiza 20,000.

Kuagiza ni rahisi, kutengeneza ni kazi. Chuma kilikuwa haba, makaa haba, chakula haba. Tena zikakosekana kabureta. Zamani zilikuwa zikitoka Berlin, lakini Berlin sasa ilizungukwa na eneo la Warusi, na nchi yote imekatwa vipande. Hebu fikirini: motokari ina mwili, ina magurudumu, ina injini, lakini haiwezi kutoka mlangoni.

Hirst alifanya nini? Hakuketi kuandika barua za kulalamika. Alichukua kabureta moja, akaifungua, akavitandaza vipande vyake mezani. Kisha akauliza juu ya kila kimoja: hiki, nani awezaye kukitengeneza? Mwili wa kabureta, ambao huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, waliweza kuutengeneza wao wenyewe kiwandani. Lakini jikleri na vipande vingine vidogo vyataka mkono mwepesi na kipimo halisi. Basi mjini Braunschweig, jirani yao, palikuwa na nyumba ya Voigtländer, iliyoanzishwa Vienna mwaka 1756, mabingwa wa vioo na vyombo vya kupigia picha. Waliozoea kutengeneza kamera, je, watashindwa na kitundu cha esanse? Wakapewa kazi, nao wakaiweza.

Mpaka mwisho wa mwaka 1945 magari 55 tu yalikuwa yametengenezwa. Mwezi wa Machi 1946 kiwanda kilifikia kama 1,000 katika mwezi mmoja, na mwezi wa Oktoba likatoka gari la 10,000. Siku hiyo wafanyakazi waliandika kibao cha utani, kwamba magari ni mengi lakini matumbo ni matupu. Tarehe 5 Agosti 1955 likatoka gari la milioni moja. Kazi ya kuyatengeneza ilikwisha Puebla, nchi ya Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Jumla yake ilikuwa 21,529,464.

Kila kabureta ina jina lake

Sasa turudi chini ya mwembe wetu. Kosa letu la kwanza lilikuwa kusema dukani: «Tupe kabureta ya Volkswagen.» Ni sawa na kwenda kwa mshona viatu na kusema: «Nipe kiatu cha mtu.» Mwuzaji mmoja alitupa iliyo mpya, ing'aayo, tukalipa. Tulipofika nyumbani, matundu ya skrubu hayakuelekeana. Mwuzaji akakataa kuipokea tena.

Baadaye ndipo tulipojifunza kusoma. Juu ya Solex huwa yameandikwa namba na herufi. Namba ni upana wa koo penye kifuniko kile, kwa milimita. Motokari za miaka ya 1950 zilikuwa na 28 PCI, ambayo kifuniko chake cha kuwashia wakati wa baridi huvutwa kwa mkono. Kisha ikaja 28 PICT, inayokivuta yenyewe kwa nguvu ya umeme. Kisha 30 PICT. Na kuanzia miaka ya 1970 ikaja 34 PICT. Yetu ni 30 PICT-1, lakini tuliuziwa 34. Kikalio cha 34 ni kipana zaidi, hakiwezi kukaa juu ya mrija wa 30.

Tena yafaa kuangalia mambo mawili. La kwanza ni umeme: motokari za kwanza zilikuwa na volti 6, za baadaye volti 12. Sehemu ya kabureta inayopashwa moto kwa umeme, ikiwa ni ya volti 6, itaungua ikifungwa katika motokari ya volti 12. La pili ni delko, chombo kigawacho moto wa umeme. Katika magari mengi kabureta huvuta delko kwa hewa ya mrija mwembamba ili moto uwahi au ukawie. Kabureta na delko ni kama mume na mke: wasiposikilizana, motokari hukwama kila unapokanyaga, hata kama vyote viwili ni vipya.

Kwa sababu kazi ya magari hayo iliendelea Brazili miaka mingi, huko walitengeneza kabureta ya badala, iitwayo H 30/31 PICT, na watu wengi wenye 30 PICT wameitumia. Lakini ziko pia nakala za ovyo, ambazo jikleri zake hazina kipimo halali. Asiyejua ataona upya wake, ataisifu, na baada ya wiki mbili atalia.

Tulivyoipata

Mwishowe tulikumbuka meza ya Hirst. Tukamwomba mzee mmoja, fundi wa zamani, aifungue kabureta yetu ya kale mbele yetu, juu ya kitambaa cheupe. Akaosha kila kipande kwa esanse, akapuliza kila kitundu, akatuonyesha. Mwili ulikuwa mzima. Jikleri zilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa mahali pawili tu. Sindano ya kufunga esanse ililika, kibakuli kikafurika. Na kijiti kinachogeuza kifuniko cha koo kilikuwa kimekula tundu lake kwa miaka ya mavumbi, hata hewa ikaingia pasipoitwa.

Kwa sindano tulipata mpya, kitu cha bei ndogo. Kwa tundu lile, mzee alitupeleka kwa kijana mwenye mashine ya kukereza vyuma, ambaye kazi yake ya kila siku ni vinu vya kusagia mahindi. Akatoboa tundu kidogo, akatia ndani yake pete ya shaba ya manjano, kijiti kikakaa imara. Mzee alikaza pia mrija wa shaba uingizao esanse, akatuonya: mrija huo ukilegea na kutoka, esanse humwagika juu ya injini ya moto, na motokari nyingi za namna hii zimeungua hivyo.

Tulifunga kabureta jioni. Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikanguruma, kuku wakatawanyika.

Ndugu wasomaji, aliye na chombo cha zamani, motokari au pikipiki au kinu, asikimbilie kukitupa, wala kununua kwa macho. Kwanza akifungue, asome jina lake, aulize ni kipande gani kimekufa na kipi kingali hai. Kisha aangalie karibu naye: pengine fundi wa vinu anaweza lile ambalo duka la mji mkuu halina. Sisi tulitembea miezi mitatu kutafuta mbali, na dawa ilikuwa kilometa nne kutoka kwetu. Mwezi uliofuata mama mwingine alishikwa na uchungu usiku, naye alifika hospitali ameketi ndani ya motokari.